Ndugu yangu ataka nisililipie gazeti hili, baba naye analingoja kila Alasiri

Shikamoo mshauri.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa na mkazi wa Lamu. Jambo ninalokuandikia wengine wataliona dogo, lakini limeninyima usingizi na sasa limeanza kuitikisa nyumba yetu.

Baba yangu alikuwa mvuvi tangu utoto wake mpaka miaka sita iliyopita, macho yalipomwishia. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kuharibika hakirudi. Siku hizi yuko nyumbani, lakini mikono yake haijui kukaa bure. Anafuma jarife, wavu wa kuvulia, kwa kupapasa, fundo baada ya fundo, kwa ajili ya vijana wanaokwenda baharini. Kilichomuuma zaidi alipopofuka haikuwa bahari. Lilikuwa gazeti. Zamani gazeti likivushwa kwa mashua kutoka Mokowe, mara nyingine limechelewa siku nzima, yeye ndiye aliyekuwa akilinunua na kuwasomea wenziwe.

Kazi hiyo nikaichukua mimi. Nikitoka shule, baada ya Alasiri, wazee wanne huja kukaa na baba dakani kwetu, hapo kwenye baraza ya mlangoni. Mimi hukaa upande wa ndani wa kizingiti, wao wako nje kwenye viti vya mawe, muuza kahawa akipita kila mmoja anashika kikombe chake, nami nawasomea kutoka kwenye simu. Baba huniinamishia sikio huku akifuma. Nikifika mahali pazito, mkono wake husimama kwenye fundo. Siku moja nilikuwa na mafua nikamwambia nitasoma vichwa vya habari tu. Akaniambia kwa Kiamu chake, "Yaliyokufa ni mato, mwanangu. Masikio yangali mazima."

Gazeti ni lile lile alilolizoea miaka yote. Sitalitaja. Sasa mtandaoni huwezi kulisoma bila kulipa, na tunalipa shilingi 250 kwa mwezi. Wazee wenyewe ndio waliopanga: kila mmoja hutoa hamsini, zinawekwa kwenye kopo la maziwa ya unga, na mwezi ukikaribia kwisha baba hulitikisa asikie kama zimetimia. Akikosa mmoja, najaza mimi bila kusema.

Shida ni kwamba gazeti limebadilika. Siku hizi ni waziri amezindua, waziri ameahidi, wakazi wameshukuru. Wanaolalamika wakitajwa, hutajwa kama watu waliotumwa na wanasiasa. Ningeweza kuvumilia hayo. Lakini mwaka jana ulifanyika mkutano wa kushirikisha umma kuhusu mpango wa maji ya karibu na bandari. Baba alikwenda, nilimshika mkono mwenyewe. Akasimama akauliza swali moja tu: mwenye mtumbwi atavua wapi, ikiwa maji ya karibu amezuiwa na ya mbali yanataka chombo na mashine ambavyo hana? Ukumbi ulimpigia makofi. Waliokuwa mbele hawakumjibu. Kabla mkutano haujafungwa, zaidi ya nusu ya watu walikuwa wametoka.

Baada ya siku mbili nikafungua simu kuwasomea wazee, nikakuta kichwa cha habari kinasema wavuvi wa Lamu wameupokea mpango kwa mikono miwili. Picha ilikuwa ya safu ya mbele, walipokaa maofisa. Swali la baba halimo.

Mshauri, sikuisoma. Nilipitisha kidole nikaenda kwenye habari ya bei ya unga. Baba akauliza, "Ya mkutano wetu haikutoka?" Nikasema bado. Kesho yake akauliza tena. Siku ya tatu hakuuliza.

Tangu hapo nimekuwa nikiruka. Habari ikiwasema vibaya wavuvi, naruka. Sifa zikizidi, naruka. Nafanya hivyo kwa kuwahurumia.

Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyenifanya nikuandikie. Alikuwa mmoja wa vijana waliopinga kiwanda cha makaa ya mawe mpaka leseni yake ikafutwa 2019, na mambo haya yako damuni mwake. Alipojua tunalipa, aliniambia, "Dada, unawalipa watu watuchafue, tena kwa pesa za wazee." Akaniingiza kwenye kundi la WhatsApp ambamo magazeti yote hutupwa alfajiri, kurasa zote, bure. Ami yangu, ambaye ni mmoja wa wale wanne, aliposikia akauliza kama huo si wizi. Sikuwa na jibu. Nilipomwambia ndugu yangu kwamba nitaendelea kulipa mpaka wazee waamue, alikasirika, na sasa ni wiki mbili hajaja kula kwetu. Baba hajui sababu. Kila Ijumaa anauliza, "Huyu kijana amepotelea wapi?"

Malipo yanaisha mwisho wa mwezi na kopo limeshajaa. Je, nilipe? Nikiacha, baba atafuatilia vipi habari za fidia ya wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari, ambazo tangu hukumu ya 2018 ndizo anazozingoja kuliko zote? Na nikilipa, nitamtazama vipi ndugu yangu?

Msomaji wa dakani, Lamu

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa wiki mbili hizi ambazo mkono mmoja umepungua kwenye sinia.

Nikikuelewa, baba yako anataka gazeti alilozeeka nalo, na kwake gazeti hilo ni habari, ni wenzake, na ni uanaume wake wa zamani alipokuwa yeye ndiye msomaji. Ndugu yako anaona kila shilingi inayokwenda huko inarudi ikiwa tusi. Ami yako hataki kula cha haramu. Wote watatu wana haki, na simu iko mkononi mwako, kwa hiyo kila mmoja anakuona wewe ndiye mwamuzi. Huo ni mzigo mkubwa kwa mtu ambaye alijitolea tu kumsomea baba yake.

Nianze na neno la ndugu yako, maana lina uzito. Amesema unawalipa watu wawachafue. Kabla hatujalikubali au kulikataa, tuulize gazeti hilo linakula wapi. Magazeti yanayoegemea serikali hayafanani. Lipo la chama: baba yako atakumbuka jinsi KANU ilivyonunua gazeti mwaka 1983 likawa Kenya Times, na mwenzake wa Kiswahili akaitwa Kenya Leo. Chama kilitoka madarakani 2002, na gazeti likajikokota mpaka 2010 likafa. Lipo la serikali yenyewe, kama MyGov, ambalo tangu 2015 limekuwa likibeba matangazo ya wizara na mashirika ya umma. Na lipo la watu binafsi, ambalo kwenye karatasi halina bwana, ila mmoja wa watangazaji wakubwa kabisa nchini ni serikali, na kila anayeketi chumba cha habari anajua hivyo. Machi 2024 wizara na mashirika ya umma yaliagizwa yapeleke matangazo yao ya redio na televisheni kwa KBC, shirika la utangazaji la taifa, peke yake. Vituo vingine havikuhitaji kufafanuliwa somo hilo. Mkono mtupu haulambwi.

Ikiwa gazeti lenu ni la namna hii ya tatu, basi hoja ya ndugu yako inaweza kupinduka. Msomaji akiondoka na shilingi zake, anayebaki mezani ni mwenye matangazo, na gazeti litazidi kumwinamia. Magazeti makubwa yalipoanza kuwatoza wasomaji mtandaoni, kama Nation ilivyofanya 2021, moja ya sababu zilizotolewa duniani kote kwa mtindo huo ni kwamba gazeti linalolishwa na wasomaji wake linaweza kusema kweli bila kuogopa kufungiwa mfereji wa matangazo. Naipenda hoja hiyo, na mimi mwenyewe nalipia gazeti kwa sababu hiyo. Lakini sitakuficha udhaifu wake. Shilingi 250 za daka moja la Lamu haziwezi kushindana na ukurasa mzima wa wizara. Na hakuna mhariri atakayejua kwamba mlilipa kwa uchungu. Kwenye vitabu vyake mmeandikwa kuwa wateja walioridhika. Hapo ndugu yako yuko sawa, na ningependa umwambie hivyo kwa mdomo wako, maana mara nyingi mtu hukasirika zaidi kwa kutosikilizwa kuliko kwa kupingwa.

Ila naye yafaa akumbushwe kwamba magazeti hugeuka. The Standard lilipouzwa 1995 liliingia mikononi mwa watu wa karibu na Rais Moi, na wako waliolisusa kwa ajili hiyo. Miaka 11 baadaye, usiku wa Machi 2, 2006, polisi waliofunika nyuso walivamia gazeti hilo hilo, wakachoma nakala zilizokuwa zimeshapigwa chapa, na KTN, televisheni yake, ikazimwa, kwa sababu lilikuwa limekuwa mwiba kwa serikali ya wakati huo. Waliolikimbia zamani hawakukosea, na waliolikimbilia baadaye hawakukosea. Nasema haya ili usilione jambo la mwezi huu kama talaka tatu. Mnaweza kuacha mkarudi, mnaweza kulipa mkaacha.

Sasa baba yako. Umeandika kana kwamba yeye analiamini gazeti hilo na wewe ndiwe unayejua ubaya wake. Una hakika? Mtu wa umri wake amepitia miaka ambayo mawaziri walijua wamefutwa kazi kwa kusikiliza taarifa ya redio ya saa saba mchana, kama watu wengine wote. Wazee wa rika hilo walijifunza kusikiliza chombo cha serikali kwa sikio la namna yake. Nani ametajwa mara tatu, nani jina lake limekoma kutajwa, mradi gani umeanza kusifiwa kabla hata haujaanza. Mvuvi hauamini upepo, lakini hatoki bila kujua unavuma kutoka wapi. Huenda baba yako analitaka gazeti hilo kwa sababu anajua linaegemea wapi, na anataka kujua wakubwa wanataka yeye aamini nini juu ya bahari yake. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema hujamuuliza.

Na hapo nafika mahali ambapo barua yako iliniuma. Umeliandika kama jambo la kupitia tu: ulipitisha kidole.

Gazeti lilikata swali la baba yako. Kisha wewe ukakata habari iliyokata swali lake. Nia zenu ziko mbali kama mbingu na ardhi. Wao walikata kwa kuwaogopa wakubwa, wewe ulikata kwa kumpenda. Lakini yule aliyekaa dakani na jarife lake ameporwa mara mbili, na mara ya pili hakuna aliyemwachia hata nafasi ya kukasirika. Aliuliza siku mbili. Siku ya tatu akanyamaza, nawe umeandika hivyo bila kuongeza neno, jambo linalonionyesha kwamba kimya chake umekisikia vizuri sana.

Sikulaumu, mwanangu, na sababu yake nitakuambia. Nilipokuwa msichana Malindi, nilikuwa nikiwasomea majirani barua zao. Jirani mmoja mumewe alikuwa kazini Uarabuni. Barua moja ikaja na pesa ndani, na salamu ndefu, na chini kabisa mistari mitatu kwamba mwaka huo hatarudi, na kwamba ameoa huko. Nilisoma salamu. Nilisoma habari ya pesa. Nikaikunja barua nikamrudishia. Mwanamke yule akazichukua pesa akanunua chokaa, akapaka ukuta mmoja baada ya mwingine ili mume akija akute nyumba nyeupe. Habari alikuja kuisikia kisimani, kwa watu. Akaja kwetu jioni, hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Uliisoma, ukaijua, ukaniacha nipake chokaa?" Ilikuwa bado imemganda kwenye kucha.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ulipe, kwangu kuna swali lililotangulia: ukilipa, utasoma nini? Pesa zilizomo koponi ni za watu watano, na ni amana. Wazee wanne na baba yako wanadhani wananunua gazeti zima. Wanachopata ni gazeti lililochujwa mara mbili. Sidhani kama wangekukasirikia wakijua, lakini nadhani wangetaka kujua kabla hawajatia hamsini nyingine.

Tuseme umelipa na umeamua kusoma yote, pamoja na yanayochoma. Kuna hatari. Mzee mmoja anaweza kuvunjika moyo akaacha kuja, na daka likipungukiwa mtu si jambo dogo kwa watu wa umri huo. Wengine wanaweza kupandwa na hasira ambayo hawana pa kuipeleka. Lakini pia huenda ukashangaa. Wazee wakisikia habari iliyopindwa kuhusu mkutano waliokuwamo, wao ndio mashahidi. Wanaweza kuisahihisha pale pale, mstari kwa mstari, na daka likawa mahali ambapo gazeti linahojiwa. Dini nayo imetuamuru tuichunguze habari kabla ya kuibeba, na sidhani kama kuna wachunguzi bora wa habari ya bahari ya Lamu kuliko hao wanne na baba yako.

Tuseme umeacha. Baba hatapotelewa na habari zote za fidia, na hili ningependa ulijue vizuri kwa sababu wewe ni mwalimu na unaweza kulifanyia kazi. Hukumu ile ya Mahakama Kuu ya Malindi ya 2018, iliyowapa wavuvi wapatao 4,600 fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari, inasomeka bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Imeandikwa kwa Kiingereza cha mahakama, lakini kipande kimoja kwa siku ukikifasiri, wazee watasikia maneno ya majaji wenyewe badala ya maneno ya mtu aliyewasikia majaji. Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo hutoka Ijumaa na ndimo hutangazwa ardhi inayotakiwa kuchukuliwa na mambo kama hayo, nalo linapatikana humo humo bila malipo. Na kama kuna ofisi ya umma yenye orodha au hesabu ambayo baba anaitaka, Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya kuiomba, na sheria ya 2016 ya kupata habari inaitaka ofisi hiyo itoe uamuzi ndani ya siku 21. Mtu hahitaji wakili kuandika ombi hilo.

Lakini nyaraka ni kavu. Hazina mpira, hazina bei ya sukari, hazina taarifa za waliofariki, wala hazina kile kicheko kinachozuka mbunge fulani akisema upuuzi. Kazi yako itaongezeka mara mbili, nawe umeshatoka kusimamia darasa mchana kutwa. Na watu watano hawakukusanyika pale kwa ajili ya nyaraka peke yake. Mkibaki na redio, kumbuka kwamba hata ya taifa inawajibika kwenu: Kifungu cha 34 cha Katiba kinasema vyombo vya habari vya serikali viwe huru kuamua vitangaze nini, visipendelee upande, na vitoe nafasi kwa maoni yanayotofautiana. Mkisikia upande mmoja tu, mna haki ya kuwauliza.

Kuhusu kundi la WhatsApp, ningemsikiliza ami yako. Si kwa sababu ya sheria ya hakimiliki tu, ingawa ipo. Aliyeandika habari ya mkutano wenu huenda ni kijana wa hapo hapo Lamu anayelipwa kwa kila habari inayochapishwa, na vichwa vya habari mara nyingi huandikwa na mhariri aliye mbali, si na aliyekuwa ukumbini. Huenda swali la baba yako liliandikwa likakatwa njiani. Sijui, wala wewe hujui, lakini kijana huyo hapaswi kuadhibiwa kwa kosa ambalo huenda si lake. Na kuna jambo la pili linalonitia wasiwasi zaidi: kurasa za mbele za kughushi zimekuwa zikisambazwa nchini hivi hivi, zaidi uchaguzi unapokaribia, zikiwa na nembo na herufi zile zile. Wewe unaweza kugundua. Wazee wanaokusikiliza wanategemea macho yako. Ndugu yako aliposema "bure" alimaanisha heri, lakini hilo hakulifikiria.

Ipo njia ambayo hakuna aliyeitaja kati yenu. Kifungu kile kile cha 35 kinampa mtu haki ya kutaka habari isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomhusu irekebishwe au ifutwe. Baba yako alikuwapo na aliuliza. Wenziwe walitoka ukumbini kwa miguu yao. Wanaweza kumwandikia mhariri, na wasipojibiwa, Baraza la Vyombo vya Habari lina tume yake ya malalamishi. Inachukua muda, na haina ahadi ya kushinda. Lamu ni ndogo, na mtu akishaweka jina lake kwenye barua huenda akatazamwa kwa jicho jingine na maofisa anaohitaji saini zao kesho. Kwa hiyo nisingekuambia ufanye, na nisingetaka umwandikie wewe kwa jina lake. Ni jambo lake. Ila hawezi hata kulifikiria ikiwa hajui kilichoandikwa.

Nimebaki na ndugu yako. Barua yako inamtaja akisema, akituma, akikasirika na kuondoka. Haimtaji akiwa ameketi dakani. Je, amewahi kualikwa? Si kuja kula, bali kuja kusoma. Kijana aliyesimama kupinga kiwanda anajua mengi juu ya nani anaandika nini na kwa nini, na maneno yake yote anakumwagia wewe peke yako. Labda siku moja katika wiki ingekuwa yake, alete habari kutoka kwingine anakoamini yeye, aisome mbele ya wazee, nao wamuulize maswali kama wanavyokuuliza wewe. Anaweza kukataa. Anaweza kuja akamkosea ami yako adabu, na ukajuta. Lakini ugomvi huu umekuwa kati yako na yeye, wakati wenye pesa, wenye bahari na wenye swali wako nje ya kizingiti wakinywa kahawa, na hakuna aliyewaambia kwamba wanagombaniwa.

Wanaweza kusema lipa. Wanaweza kusema nusu iende huku na nusu kule, au mwezi huu tuache tuone tutakosa nini. Wanaweza kusema kitu ambacho wewe na mimi hatujakiwaza. Sitakuamulia, na nadhani hata wewe huna haja ya kuwaamulia.

Malipo yako hayajaisha, kwa hiyo habari ile ya mkutano bado unaweza kuifungua. Ukiamua kumwambia baba, mtafute kabla wazee hawajafika, mkiwa wawili. Usianze na siasa ya gazeti wala na ugomvi wa ndugu yako. Mwambie ilitoka, kwamba uliiona, na kwamba ulimwambia bado. Mwambie kwa nini. Halafu muulize kama anataka umsomee. Akisema ndiyo, isome yote, na picha umweleze ni ya nani. Mkono wake ukisimama kwenye fundo, usiharakishe kujaza kimya kile. Ngoja mpaka aanze tena kufuma, au mpaka aseme neno.